Ujira wa Dalali na Mali ya Yatima

 

Ndugu zetu Waislamu, ametuandikia ndugu mmoja, mzaliwa wa pwani yetu hii, akaaye Uingereza tangu ujana wake. Nduguye alifariki huko akaacha watoto wawili wadogo pamoja na fedha, naye akawa wasii wao. Sayyidna Umar (r.a.) aliwahimiza watu waifanyie biashara mali ya mayatima isije ikamalizwa na zaka. Kwa kulikumbuka hilo, mwaka 2004 alinunua kwa pauni 10,000 vipande vya mfuko wa hisa uliochujwa ili usiingie katika pombe wala riba. Alinunua kwa mkono wa wakala, mtu wa msikitini kwake, aliyemwambia: "Mimi sikutozi kitu." Baadaye alipozisoma karatasi aliona ya kuwa zilizoingia katika mfuko ni pauni 9,500 tu. Pauni 500 zilikatwa mlangoni, na katika hizo 300 zilimrudia wakala yule.

Atuuliza: Je, fedha hizo ni halali kwa wakala? Na yeye wasii, ana deni kwa mayatima?

Kwanza yapasa tuufahamu mfuko wenyewe. Watu wengi hukusanya fedha zao pamoja, zikanunuliwa hisa za mashirika mengi, na kila mmoja akapewa vipande kwa kadiri ya alichotoa. Kampuni iusimamiayo mfuko hutoza ada ya kuingilia, na ada nyingine ya kila mwaka. Marekani, zamani, ada ya kuingilia iliweza kufika dola 8.50 katika kila dola 100. Uingereza, 5 kwa mia lilikuwa jambo la kawaida, na sehemu kubwa ya ada hiyo haikukaa kwa kampuni bali ilikwenda kwa yule aliyemleta mnunuzi. Ndipo wakatokea madalali wa punguzo. Hawa hawatoi shauri. Humnunulia mtu kile alichokwisha kukichagua mwenyewe, na zamani hizo ile kamisheni waliyoipata kwa kampuni walimrudishia mnunuzi, yote au nyingi yake. Basi mfuko ulikuwa ule ule, vipande vile vile, na mmoja aliingiza 9,500 na mwenziwe karibu 10,000 kamili.

Ama udalali wenyewe, hauna makosa. Imamu Bukhari ameuwekea mlango wake katika kitabu chake, akataja ya kuwa Ibn Sirin, Ata, Ibrahim na al-Hasan hawakuona ubaya katika ujira wa dalali. Na wafanya biashara wa Madina walikuwa wakiitwa madalali mpaka Mtume (s.a.w.) alipowapa jina lililo bora kuliko hilo, jina la tujjar, yaani wafanya biashara, akawausia waichanganye biashara yao na sadaka, kwa kuwa huingiwa na maneno ya upuzi na viapo. Mtu afanyaye kazi yuastahiki ujira, nasi hatuwaungi mkono wale wasemao kwamba kila kamisheni ni haramu. Hao wanaharamisha pasina dalili.

Lakini ujira wa halali ni ule ujulikanao. Mtume (s.a.w.) alimpa Urwa al-Bariqi dinari moja amnunulie kondoo. Urwa akapata wawili kwa dinari ile, akamwuza mmoja kwa dinari, akarudi na kondoo na dinari, vyote viwili akamkabidhi mwenye mali. Naye Mtume akamwombea baraka katika biashara yake. Itazameni kazi hii, ndugu zetu. Nafuu aliyoipata wakala kwa werevu wake hakuitia katika kanzu yake, kwa sababu alikuwa mkono wa mwingine. Na mnajua pia habari ya Ibn al-Lutbiyya, aliyetumwa kukusanya zaka akarudi akisema hiki ni chenu na hiki nimepewa mimi zawadi. Mtume (s.a.w.) alikasirika, akauliza mbona hakuketi nyumbani kwa babake na mamake tuone kama zawadi hiyo itamjia. Wakala wetu naye, lau angeketi nyumbani kwake, kampuni ile isingempelekea pauni 300.

Basi jawabu la swali la kwanza ni hili: lau angalisema, "Nitapata 300 kwa kazi hii," na wasii akaridhika, zingekuwa halali yake. Alisema hatozi kitu. Neno hilo ni uwongo, na mali aliyoipata kwa uwongo huo si yake.

Na twaona haya kusema, lakini lazima tuseme. Tangu tarehe 31 Desemba 2012 wasimamizi wa mambo ya fedha wa Uingereza wamewakataza washauri wa fedha kupokea kamisheni ya kampuni kwa shauri jipya walitoalo kwa watu juu ya mifuko hii. Sharti walipwe na mteja mwenyewe, kwa ujira waliopatana naye. Mwaka 2014 katazo hilo likawafika na wauzaji wa vipande wa kwenye mtandao. Wasiokuwa Waislamu wameliandika sharia jambo ambalo sisi tumelisoma vyuoni kwa karne nyingi, katika mlango wa uwakala, tukalifunga pamoja na kitabu.

Swali la pili ni zito zaidi. Wasii ni mtu wa amana, na mtu wa amana halipi ila akipuuza au akivuka mpaka. Fukahaa wetu wa madhehebu ya Shafii wamemlazimisha anunue kwa bei ya mfano, yaani bei ambayo watu hununuliana kitu kama hicho. Mwaka 2004 alinunua kwa bei waliyonunua watu wengi kama yeye, wala hakujua nyingine. Kwa hilo hatumwoni kuwa ana deni.

Lakini barua yake yaendelea. Mwaka 2006 alinunua tena, kwa pauni 4,000, kwa mkono wa wakala yule yule. Wakati huo alikwisha kuziona karatasi, na mwenziwe kazini alikwisha kumweleza habari za dalali wa punguzo. Asema aliona haya kumwacha mtu wanayesali safu moja. Pauni 200 zikakatwa. Ndugu yetu, haya ni katika imani, lakini haya hiyo umeilipia kwa mali isiyokuwa yako. Twaona inakupasa uwalipe mayatima pauni 200 kutoka mfukoni mwako, ukitoa kile kidogo ambacho dalali wa punguzo angalikutoza.

Wala usidhani ya kuwa mlango ukiwa wazi nyumba nzima ni bure. Madalali wengi wa punguzo waliisamehe ada ya kuingilia wakabaki na fungu la ada ya kila mwaka, aghalabu nusu ya moja kwa mia. Tupige hesabu kwa mfano tu, kwani faida iko mikononi mwa Mwenyezi Mungu: pauni 10,000 zikikua kwa 5 kwa mia kila mwaka, baada ya miaka 20 huwa 26,533. Zikikatwa 5 kwa mia mlangoni, huwa 25,206. Zisipokatwa mlangoni, lakini zikapunguzwa nusu ya moja kwa mia kila mwaka, huwa 24,117. Mwizi wa mlangoni watu humwona. Huyu wa pili hula kidogo kidogo naye amekaribishwa. Ndugu zetu wa hapa Kenya wanunuao vipande katika mifuko iliyo chini ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji nao waulize ada zote mbili kabla ya kutia sahihi, kisha waulize ni nani alipwaye.

Limebaki la wakala. Wasii ameuliza kama aweza kumsamehe, kwa kuwa mtu huyo sasa ni mgonjwa na hana kitu. Tumemjibu ya kuwa hawezi. Wasii hana ruhusa ya kutoa sadaka katika mali ya yatima, na msamaha wa deni ni sadaka. Watoto wale wamekwisha kubaleghe na kuerevuka, basi awaweke mbele ya hesabu, pauni 300 za kwanza pamoja na zile za mara ya pili, wazione kwa macho yao. Wakimsamehe mgonjwa yule, ni wao waliosamehe.