Uaminifu wa Aliyeshindwa Kura

Kariakoo ya Dar es Salaam ina klabu mbili kubwa za mpira kwa sababu kuna watu walishindwa kukubaliana. Young Africans, yaani Yanga, ilianzishwa mwaka 1935. Mwaka uliofuata baadhi ya waliokuwamo wakajitoa, wakaunda timu yao, ambayo ilipitia jina la Sunderland kabla ya kuitwa Simba mwaka 1971. Tangu mgawanyiko huo kuna watu wa Jangwani, ndio Yanga, na kuna watu wa Msimbazi, ndio Simba, na mtoto wa mjini huzaliwa akiwa tayari amechaguliwa upande.

Habari hii tumezoea kuisimulia kama chanzo cha utani wa jadi. Mimi naiona inabeba swali zito kuliko utani: mtu ambaye rai yake imekataliwa anadaiwa nini na wenzake, na wenzake wanadaiwa nini naye?

Tukizungumzia uongozi wa michezo, macho huenda kwa mshindi. Tunamtaja kocha mwenye makombe, rais wa klabu aliyeleta usajili mkubwa, nahodha aliyenyanyua kombe. Halafu tunahimizana umoja. Lakini watu wanaokubaliana hawahitaji kuongozwa. Wanahitaji tu kuambiwa saa ya kukutana. Uongozi huanza pale ambapo nusu ya chumba imesema ndiyo na nusu nyingine imesema hapana, na kesho yake wote wanatakiwa wavae jezi moja.

Mtazame kipa wa pili. Kabla ya mechi anatoka mapema na kipa wa kwanza, anampigia mashuti ya chini, anamrushia mipira ya juu, anampasha misuli hadi jasho linamtoka. Filimbi ikikaribia, anarudi kukaa. Atasugua benchi msimu mzima, pengine miwili, maana kipa habadilishwi dakika ya 70 kama winga aliyechoka. Akitaka, anaweza kupiga mashuti mepesi. Hakuna kamera itakayomnasa wala shabiki atakayejua. Mwenzake ataingia uwanjani mikono ikiwa bado mizito, na goli likifungwa, nafasi itakuwa wazi. Kwa hiyo ukubwa wa kocha siupimi kwa wale 11 aliowapanga, kwa sababu hao wameshalipwa kwa kupangwa. Naupima kwa nguvu ya shuti la kipa wa pili.

Nini humfanya apige kwa nguvu zote? Mshahara hautoshi, kwani angelipwa vilevile akipiga kivivu. Nadhani anahitaji kuamini mambo mawili. Kwanza, kwamba aliyemweka benchi alikuwa anaitazama timu, hakuwa anatazama undugu, wakala au bahasha. Pili, kwamba mlango haujafungwa, na kesho akistahili ataitwa. Ukimnyima moja kati ya hayo, utabaki na mwili wake mazoezini. Moyo umeshahama.

Klabu zetu zimelipa gharama ya kulisahau hili. Miaka ya 1970 mgogoro wa Yanga ulizaa Pan African, nayo ikatwaa ubingwa wa nchi mwaka 1982, kwa hiyo waliotoka hawakuwa makapi. Baadaye Jangwani ikagawanyika tena, Yanga Asili huku na Yanga Kampuni kule, watu wa rangi moja wakinuniana. Anayetoka tunamwita msaliti haraka sana. Wapo waliokuwa wanataka kiti tu, hilo silikatai. Lakini wengine waliondoka kwa sababu baada ya kushindwa hawakuachiwa hata pa kusimama.

Jambo hili ni kubwa kuliko mpira. Chini ya wakoloni, kwa miaka mingi Mwafrika wa Dar es Salaam hakupewa kura ya kuamua nchi iendeshwe vipi, ila katika klabu na vyama vyake aliweza kumchagua mwenyekiti, akamuuliza mweka hazina fedha zimekwenda wapi, akashindwa hoja na bado akarudi kikaoni wiki inayofuata. Chama cha Waafrika wa Tanganyika kilianzishwa mwaka 1929, na chama cha TANU kikazaliwa hapa hapa Kariakoo mwaka 1954. Naamini kushindwa bila kuvunja chombo ni jambo linalofundishika, na mitaa hii ilikuwa miongoni mwa madarasa yake ya kwanza.

Leo darasa hilo limeingiwa na fedha. Mwaka 2017 Simba ilikubali mabadiliko ya umiliki, na hatimaye ikapangwa kwamba mwekezaji, Mohammed Dewji, apate asilimia 49 ya hisa kwa shilingi bilioni 20 na wanachama wabaki na 51. Wajerumani nao wana kanuni inayoiachia klabu nusu ya kura na moja zaidi. Matunda yameonekana. Simba imefika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika mara kadhaa, na mwaka 2025 ikacheza fainali ya Kombe la Shirikisho. Yanga, nayo ikiwa na nguvu ya wadhamini, ilifika fainali hiyohiyo mwaka 2023, ikafungwa 2-1 nyumbani, ikaifunga USM Alger 1-0 kwao, ikalikosa kombe kwa kanuni ya goli la ugenini tu. Anayesema matokeo yanatosha ana ushahidi mkononi.

Ila asilimia 51 ya hisa hulinda kura, hailindi sauti. Mwanachama anayesikia uamuzi redioni, ukiwa umeshapita, hajapewa hata nafasi ya kupinga, na asiyepewa nafasi ya kupinga hawezi kudaiwa utii. Kaa kijiwe chochote cha kahawa Kariakoo siku moja baada ya timu kufungwa. Kashata zinapita, vikombe vinagongana, na mabishano yanaanzia kwenye mfumo wa kocha. Hayachukui muda, swali linageuka: nani aliamua? Wazee wa kijiweni wamezoea kufungwa tangu ujana wao. Kinachowaumiza ni kutokuelezwa.

Basi kiongozi wa klabu, ukishinda kura, nenda kwanza kwa walioshindwa. Waeleze sababu, wape kazi ya kweli katika kamati, na uchaguzi ujao ufanyike kwa tarehe iliyoandikwa kwenye katiba. Nawe mwanachama, nenda Mkutano Mkuu, soma taarifa ya fedha, nyosha mkono na upinge kwa hoja. Ukishindwa, mwakani lipa ada yako kwa wakati.