Nyumba Isiwale Wenye Nyumba

Ukitoka Gongo la Mboto kwenda Chanika, au Tegeta kwenda Madale, maboma utayaona kila upande. Kuta zimefika kwenye lenta, madirisha ni matundu, na palipotarajiwa kuwa sebule pameota mpapai ambao sasa unazaa. Wapita njia husema mwenyewe amekwama. Mimi hujiuliza jambo jingine: msingi ule ulipimwa kwa mfuko wake au kwa macho ya watu?

Mambo mengi huamuliwa siku ya msingi. Mwenye kiwanja amekuja na ramani ya vyumba viwili, kamba imeshanyooshwa, fundi anatia neno: "Bosi, tukisogeza hatua tatu tu, hapa unapata na masta." Kusogeza kamba ni bure. Lakini kamba ikisogea, tofali zinaongezeka, nondo za lenta zinaongezeka, mbao na bati vinaongezeka, kisha plasta, dari, vigae na rangi. Gharama hizo haziji siku moja. Zinabisha hodi moja baada ya nyingine, na nyingine hubisha mwezi uleule ambao mtoto anatakiwa kuripoti kidato cha kwanza.

Tumezoea kuulizana nyumba itakula milioni ngapi. Tungeanza na swali la pili: ikishakula, sisi tutabaki na nini? Watumishi wa umma wa Tanzania wanaijua kanuni ya theluthi, kwamba makato yote yakishatolewa, mtu abaki na angalau theluthi moja ya mshahara. Kenya nako, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inazuia makato yasizidi theluthi mbili. Ni busara kubwa, ila ulinzi wake unaishia kwenye salari slipu. Haulioni deni la duka la vifaa vya ujenzi, wala la kikoba, wala mkopo wa kwenye simu uliochukuliwa usiku ili fundi asihame saiti, wala laki tano za shemeji. Mtu anaweza kuwa salama mbele ya mwajiri wake huku nyumbani watu wanalalia uji.

Mkopo wa benki nao uhesabiwe hadi mwisho. Chukua shilingi milioni 50 kwa riba ya asilimia 15 kwa mwaka, ulipe kwa miaka 20. Rejesho ni kama shilingi 658,000 kila mwezi, na siku unamaliza utakuwa umelipa takribani milioni 158. Sisemi mkopo ni mbaya. Mwenye kipato cha uhakika anaweza kupata paa leo badala ya kusubiri uzee. Ila kabla hajatia saini, ajaribu kuishi nao. Kwa miezi sita, atoe kodi anayolipa sasa kwenye kiasi cha rejesho, na tofauti yake aiweke akiba kila mwezi bila kuigusa. Nyumba ikiyumba katika jaribio hilo, amejua mapema, na fedha bado ni zake.

Anayejenga kwa kudunduliza naye ajikune ajipatapo. Vyumba viwili vya uani, choo, maji na umeme vinatosha kumtoa mtu kwenye upangaji. Akihamia huko, ile kodi ya miezi sita kwa mkupuo inaanza kununua tofali. Lakini asisahau yanayokuja baada ya kuhamia: nauli ya daladala mbili kwenda kazini, maji ya boza bomba lisipofika, kodi ya jengo inayokatwa kwenye LUKU. Ni vitu vidogo, na ndivyo vinavyomaliza mshahara katikati ya mwezi.

Najua kinachotusukuma. Kupanga kuna aibu yake, na hakuna anayependa ndugu wafike sikukuu walale kwa kubanana. Lakini chumba cha wageni wa usiku mbili kwa mwaka kinalipiwa na wanaolala humo siku zote: kwa ada iliyochelewa, kwa bima ya afya isiyokatwa, kwa mama kijijini anayeambiwa asubiri kidogo, nyumba kwanza. Mgeni akiondoka huisifia nyumba. Hao wengine hatujawauliza.

Kwa hiyo mume na mke, au yeyote anayejenga peke yake, aketi na karatasi kabla ya kumwita fundi. Aandike kwanza chakula, ada, matibabu, wazazi, na akiba ya dharura. Kinachobaki baada ya hapo ndicho cha ujenzi, hata kama ni kidogo kiasi cha kuchekesha. Ramani ichorwe kwa hicho.