SIKU YA 12: "Shetani kanipanda"



Juzi mama mmoja wa Kihesa, Iringa, alinitumia ujumbe wa sauti. Kijana wake kafunga, saa kumi jioni kampiga mdogo wake kofi, wanagombea zamu ya gemu. Kuulizwa, anajibu: "Mama, shetani kanipanda." Mama anataka kujua kama ni hiyo gemu ya mizuka ndiyo inamharibu.

Nikaiulizia. Inaitwa Geist, ya Nintendo, ilitoka 2005. Mchezaji ndiye mzuka, anaona kwa macho ya mzuka. Sasa mzuka hana mkono wa kushika bunduki. Akitaka kupigana lazima auvae mwili wa mtu, na mtu havaliki hivi hivi, mpaka atishwe. Kwa hiyo mzuka anaingia kwanza kwenye vitu vya chumbani, anavitikisa, mwenye mwili anaingiwa na hofu, ndipo mlango unafunguka. Hapo vidole ni vya yule mtu, anayefyatua ni mzuka.

Udhuru mtamu huo, si ndiyo?

Lakini fungua Surat Ibrahim, aya ya 22. Hukumu imeshapita, na Shetani mwenyewe anawaambia wafuasi wake kuwa hakuwa na mamlaka juu yao. Aliwaita tu, wakaitika. Basi wasimlaumu yeye, wajilaumu wenyewe. Yaani hata yeye anaukataa udhuru wetu! Sisemi majini hayapo, Qur'ani imewataja. Ila Mtume (s.a.w.) ametufundisha, katika hadithi ya Bukhari na Muslim, kwamba Ramadhani ikiingia mashetani hufungwa minyororo. Wanazuoni wana maelezo marefu juu ya kufungwa huko, leo siyaingii. Jiulize tu: kofi la saa kumi jioni, tumbo tupu na baridi hii yetu, limetoka kwa nani?

Kwa nafsi, ndugu zangu. Na nafsi haikufungwa minyororo.

Mama yangu, saumu ya kijana haikubatilika, hana siku ya kulipa, ila thawabu kazitia hatarini. Leo kabla ya adhana ya Maghribi amwombe mdogo wake msamaha kwa kinywa chake, bila kumtaja shetani. Gemu ikae kabatini mpaka watoke tarawehe, na zamu ya kwanza apewe mdogo.