Jiwe Dogo la Ivuna

Soma Zaburi 8:3, 4 na Luka 15:3–7. Daudi alijiuliza nini alipozitazama mbingu?

Usiku wa kiangazi hapa Singida nyota hujaa angani hata mtu hajui aanzie wapi kuzihesabu. Nazo si zote zilizopo. Mwaka 1995 Michel Mayor na Didier Queloz walitangaza kwamba wameona sayari inayoizunguka nyota iliyofanana na jua letu. Tangu hapo wanasayansi wamethibitisha sayari zaidi ya 5,000 zilizo mbali na jua hili.

Nilipoyasema hayo katika kipindi cha vijana, kijana mmoja alinifuata nje. "Mwalimu, kama malimwengu ni mengi hivyo, Mungu ananijua mimi?"

Nilimweleza habari za jiwe. Tarehe 16 Desemba 1938 kimondo kilianguka Ivuna, katika eneo ambalo leo ni mkoa wa Songwe. Kilichookotwa kilikuwa na gramu 705, pungufu ya kilo moja ya sukari. Lakini walipokipima, waliona kwamba, ukiacha gesi nyepesi, vitu vilivyokiunda vinalingana kwa karibu sana na vile vya jua lenyewe. Kundi zima la vimondo vya namna hiyo likaitwa kwa jina la Ivuna. Mwaka 2020 chombo cha Japani, Hayabusa2, kilileta gramu kama tano kutoka Ryugu, mwamba mdogo unaolizunguka jua. Zilipochunguzwa, zilifanana na jiwe la Ivuna.

Hakuna aliyelidharau jiwe hilo kwa kuwa anga lina mawe mengi. Udogo si uduni. Vivyo hivyo, wingi wa wale tisini na kenda haukumpunguzia thamani kondoo mmoja aliyepotea.

Kijana alinyamaza, kisha akasema, "Nilikosa Sabato tano. Hakuna aliyekuja nyumbani."

Hapo nikaelewa kwamba hakuwa akiuliza juu ya sayari. Na ripoti yetu ya robo ile, niliyoisoma mbele kwa furaha, ilionyesha mahudhurio yamepanda.

Mungu amezihesabu hata nywele zetu (Luka 12:7). Lakini mara nyingi mtu huliamini hilo pale ndugu anapobisha hodi mlangoni pake.

Tafakari: Ni nani amekosekana darasani kwenu? Utamtembelea siku gani kabla ya Sabato ijayo?