Je, Hii Ni Kazi ya Mkono?



Siku ya kuuza mavuno mwaka jana, kijana mmoja wa parokia yetu alipewa meza karibu na mlango wa kanisa. Alipanga juu yake wanyama wadogo wa mfupa, twiga, vifaru na ndovu, hakuna aliyezidi kidole gumba kwa urefu. Alikuwa ametuomba: "Mwalimu, una mwandiko mzuri. Niandikie kikaratasi, 'Zimechongwa kwa mkono.'" Tukaandika, wala hatukumwuliza neno. Baadaye mgeni mmoja aliinua twiga, akauliza kama kweli ni kazi ya mkono. Kijana alitutazama. Sisi tukaitikia kwa kichwa, na yule mgeni akalipa bei aliyoambiwa bila kupatana.

Juma lililofuata tulikwenda Kibera kumtazama akifanya kazi. Hutumia mifupa ya miguu ya ng'ombe, inunuliwayo machinjioni. Huichemsha mpaka mafuta yatoke, huianika, huikata kwa msumeno, kisha huitia dawa ya kuifanya nyeupe. Baada ya hapo hushika mota ndogo ya umeme kama mtu ashikavyo kalamu, yenye ncha ya chuma izungukayo kwa kasi kubwa. Ukuta wa mfupa si mnene, kwa hiyo mnyama naye hana budi kuwa mwembamba, na masikio ya ndovu hubandikwa kwa gundi. Ncha ikikawia mahali pamoja mfupa huungua, na chumba kizima hunuka kama nywele zilizoungua. Alituambia kwamba zamani, kwa tupa na kisu, alimaliza mnyama mmoja kwa siku. Sasa humaliza sita.

Tulirudi nyumbani na kikaratasi chetu kikitusumbua.

Yafaa tukiri kwamba neno hili tulilifundisha sisi wenyewe. Chuo cha ualimu kilitutuma shuleni kufundisha, pamoja na masomo mengine, kazi za mikono. Mwanafunzi mmoja alileta mwiko laini mno, na tulipogundua kwamba aliulainisha kwa mashine ya mjomba wake seremala, tukampa sifuri. Alilia. Hatukumwuliza ni nani aliyechagua mti ule, wala ni nani aliyekata umbo lake. Hata tupa ni chombo. Hata kisu kilitengenezwa kiwandani. Kama mkono mtupu ndio kipimo, basi hakuna aliyewahi kuchonga kitu duniani ila mfinyanzi, na yeye pia ana kigae chake cha kulainishia.

Kwa hiyo mtu aweza kusema kijana hakudanganya. Vidole vyake ndivyo vilivyougeuza mfupa, na jicho lake ndilo lililojua mguu wa twiga uishie wapi. Twakubali. Lakini mgeni hakuuliza habari za vidole. Aulizaye kama kitu ni kazi ya mkono huuliza kimechukua muda gani, maana huo ndio anaoulipia. Alilipa siku nzima, akapewa sehemu ya sita ya siku. Neno lilikuwa kweli na bei ilikuwa uongo, na mwandiko ulikuwa wetu.

Hata hivyo twaona ugumu mwingine. Mgeni yule alikuja kwa ndege, na shati lake lilifumwa kwa mashine. Ana haki gani ya kutaka maskini afanye kazi polepole ili yeye afurahi? Haki ya kuambiwa kweli anayo. Haki ya kumpangia fundi vyombo vyake hana. Na kuna jambo ambalo hakuliuliza: lile vumbi jeupe lililojaa nyusi za kijana, na leso aliyojifunga puani, isiyozuia kitu. Vumbi la mfupa ni baya kwa mapafu. Hilo nalo limo katika bei, ila halilipwi na mnunuzi.

Kuna wauzaji wanaokwenda mbali zaidi, wakinong'ona kwamba mfupa ni pembe ya ndovu. Hapo hatuna la kujadili. Nchi yetu ilichoma tani 12 za pembe mwaka 1989, na tani 105 mwaka 2016, ili watu wasione fahari kuwa nazo. Anayeutaja mfupa kuwa pembe huirudishia pembe fahari ile, hata kama hakuua mnyama. Msomaji atazame kwa karibu: mfupa una vitone vidogo vyeusi, njia za damu, pembe iliyokatwa ina mistari inayopishana.

Kabla ya Krismasi tulimwandikia kijana kikaratasi kipya: "Mfupa wa ng'ombe. Umechongwa kwa mota ndogo ya umeme." Bei tuliipunguza pamoja naye. Kati ya wanyama ishirini waliuzwa wanne. Watu walisoma, wakatabasamu, wakaenda meza ya mikate. Tulitaka kumwomba radhi, kwani ukweli ulikuwa wetu na hasara ilikuwa yake, na karo ya dada yake ya Januari ilikuwa bado haijatimia. Akasema, "Si kitu, Mwalimu," akawafunga wanyama wake katika gazeti, mmoja mmoja. Sisi tulinunua vifaru wawili, ambao hatukuwa na haja nao.