Mlango Ambao Sikuuandika

Niliacha chuo mwaka wa pili. Nikiulizwa, nasema sikuwa na njia. Karo, unajua. Watu hutikisa kichwa, story inaisha.

Mwaka huu nimeanza kutengeneza gemu kuhusu kijana anayeacha chuo. Mwanzoni nilitaka iwe ya kuigiza wahusika, ukoo wa Dungeons & Dragons ya 1974. Huko mhusika ana namba zake: nguvu, akili, ushawishi. Akijaribu jambo gumu, dadu ya pande 20 inarushwa. Hata Disco Elysium ya 2019, gemu iliyojaa maneno kuliko vita, hurusha dadu mbili. Ukipata sita mbili unafaulu hata kama hujui kitu. Ukipata moja mbili unaanguka hata uwe bingwa. Nilipenda hiyo. Kijana wangu angejaribu, dadu ikatae, na asiwepo wa kulaumiwa.

Lakini kutunga sheria na namba zote hizo kulinishinda. Nikahamia hadithi shirikishi, kwa Twine, programu ya bure ambayo Chris Klimas aliitoa 2009. Unaandika ukurasa, unaweka viungo, msomaji anabonyeza anapotaka kwenda. Rahisi. Kumbe hapo ndipo pa kujificha hapapo. Dadu haikujui, lakini kila mlango kwenye hadithi umeuweka wewe. Na usiouweka, pia ni wewe.

Dada yangu mdogo aliicheza kwa simu. Akafika ukurasa wa kijana kufungasha vitu hosteli, akasimama.

“Sasa hapa, mbona hawezi kumwambia mamake?”

Nikamwambia gemu haiwezi kuwa na kila kitu. Akaniangalia tu. Anajua mama aliendelea kunitumia pesa ya chakula muhula mzima baada ya mimi kuondoka.

Kuna gemu ya 2013, Depression Quest, iliyotengenezwa kwa Twine pia. Inakuonyesha chaguo zilizokatwa kwa mstari: unazisoma, lakini huwezi kuzibonyeza. Inasema mlango upo, nguvu ndiyo haipo. Kwa mtu aliyezama kwenye huzuni, huo ni ukweli.

Nikajaribu kufanya hivyo. Niliandika “Mpigie mama”, nikaikata kwa mstari. Ilipendeza, na ilikuwa uongo. Simu nilikuwa nayo. Kredo ilikuwepo. Nilichokosa ni hamu ya kusikia sauti yake ikibadilika.

Basi swali langu ni hili: ni mara ngapi tunasema “sikuwa na njia” tukimaanisha njia ile hatukuitaka kwenye orodha? Karo ilikuwa dadu, na hiyo siwezi kuibeba. Kunyamaza kulikuwa kwangu.

Nimeufuta ule mstari. Sasa chaguo linabonyezeka. Ukurasa unaofuata bado sijauandika, kwa sababu sijui mama angesema nini. Itabidi nimuulize.