Upepo Ndani ya Pazia

Mwaka 1947, pwani ya Maine nchini Marekani, mchoraji Andrew Wyeth alipanda juu kabisa katika nyumba kuukuu ya familia ya Olson. Mwenye nyumba, Christina, miguu ilikuwa haimruhusu tena kupanda ngazi, basi vyumba vya juu vilibaki vivyo hivyo. Joto kali. Akafungua dirisha, upepo wa bahari ukainua pazia lililochakaa, naye akauchora, kwa tempera, rangi ikorogwayo kwa kiini cha yai. Nyuzi zimefumuka, lakini ndege waliofumwa kwenye lesi bado wanaruka. Bahari ni kipande chembamba tu kule mbali. Wakosoaji wengine walimwona mchoraji wa kizamani. Shauri yao, mimi pazia lile silichoki.